Ng'ombe Wangu wa Kericho

Mwanangu Robi,

Afya yako siulizi, maana umelala chumba cha pili na nimekusikia ukipiga chafya kwa vumbi la lile sanduku la mjomba wako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Mambo ya kushikilia mkoba stesheni, kufunga mlango kwa komeo na kutokubali soda ya mtu usiyemjua, mama yako ameyasema tangu Jumapili na atayarudia kesho mpaka lori liondoke. Mimi sitayagusa. Nataka kujibu swali moja tu uliloniuliza jioni ya leo.

Uliwaona wale ng'ombe walioingia uani jua likizama. Ukasimama na ndoo yako kichwani ukasema, "Tata, hawa ng'ombe ni wa nani?" Nikakujibu, "Ni wageni, watalala." Ukacheka ukaenda zako jikoni. Mwita kaka yako akainama akajifanya anatafuta kitu chini. Lile halikuwa jibu, na sikutaka uondoke nalo. Barua hii nitaificha ndani ya kifurushi cha viazi, nami nitakuambia asubuhi uifungue mkifika Kirumi, mkiwa mnangoja pantoni iwavushe. Pale abiria wote hushuka, na hakuna la kufanya ila kuutazama Mto Mara. Usiifungue ukiwa umeshapita Bunda, maana itakuwa haina kazi tena.

Una nafasi mbili mkononi, na zote ziko kwenye barabara moja. Ukishuka Bunda unaingia chuo cha ualimu, ulikopangiwa na serikali. Ukipitiliza unalala Mwanza, unapanda treni, unafika Dar es Salaam kwa baba yako mdogo Marwa, aliyekutafutia ukarani kwenye kiwanda cha nguo. Ulipotuambia umechagua kiwanda, ulisema unataka kuona mji. Nikakubali. Nani asiyetaka kuona mji? Kiwanda nacho kinalipa vizuri kuliko ualimu, hilo Marwa ameliandika kwa herufi kubwa kama vile sisi huku ni viziwi. Nikasema moyoni, mtoto amepiga hesabu yake, mwache.

Kumbe hesabu yenyewe sikuijua. Wiki iliyopita nilikuwa na Mwita tukirudishia miti ya zizi pale ilipooza. Yeye si msemaji, unamjua, lakini siku hiyo alikuwa na maneno.

"Tata, Robi umwache aende Dar. Usimrudishe kwenye habari za ualimu."

"Nani anamrudisha?"

"Ninasema tu. Akishaanza kazi, mwaka mmoja, miwili hivi, mambo yangu yatakuwa sawa."

"Mambo yako gani?"

Akashika mti mwingine. Nikaweka panga chini. Akaona afadhali aseme kuliko kuniona nimekaa vile. "Ameniahidi ng'ombe wa kuolea. Ameniambia mshahara wa kiwanda utawanunua haraka kuliko wa ualimu. Lakini usimwambie nimekuambia."

Basi nimekuambia kwamba ameniambia. Usimgombeze, hana kosa. Nilikasirika sana siku ile, nikaongea maneno mpaka mama yako akanifuata nje kuniuliza kama nimeumwa na nyuki. Lakini sikumkasirikia Mwita wala wewe. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu maneno uliyomwambia kaka yako niliwahi kuyasema mwenyewe, karibu neno kwa neno, nikiwa na umri kama wako, nikimwambia shangazi yako Bhoke.

Kaa vizuri hapo kwenye jiwe, hadithi hii hujawahi kuisikia yote.

Mimi nilimaliza shule ya misheni nikiwa kijana mwenye mwandiko mzuri kuliko huu unaouona. Mwalimu mkuu akanitaka nibaki nifundishe darasa la kwanza huku nikingoja kwenda kusomea ualimu. Malipo yalikuwa kidogo, kidogo kweli, lakini ningekuwa nalala kwetu na kula kwetu. Wakati huohuo akarudi Chacha, kijana wa rika langu, tuliyetahiriwa naye pamoja. Alikuwa ametoka Kericho, upande wa Kenya, kwenye mashamba ya chai. Amerudi na baiskeli, viatu vya ngozi, na ng'ombe akiwaswaga mbele yake. Kijiji kizima kilitoka kumtazama. Mimi nilimtazama kuliko wote.

Kwetu, Robi, unajua tunavyopima. Mtu akikutajia kitu chochote, moyoni unauliza ni ng'ombe wangapi. Nikamuuliza Chacha mshahara wa Kericho, nikaugawa kwa bei ya ng'ombe wa mnadani Tarime. Nikachukua na posho ya ualimu nikaigawa hivyohivyo. Ualimu ukatoa mkia wa ng'ombe. Kericho ikatoa ng'ombe mzima na ndama wake. Siku hizo shilingi ilikuwa moja pande zote mbili, na Sirari mtu alipita akipiga mluzi, hakukuwa na kufunga mpaka kama sasa. Kwa hiyo hesabu ilionekana safi kabisa. Nilimwambia mwalimu mkuu hapana, kwa dharau ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu ninaguna kwa sauti.

Bhoke alikuwa dada yangu wa kunifuata. Wazee walikuwa wameshaanza kuzungumza habari zake, na kila mtu alijua ng'ombe wa mahari yake ndio watakaoniozesha mimi. Ndivyo ilivyo kwetu, na mimi sikuona ubaya. Lakini yule aliyekuja kumposa alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili, na Bhoke hakumtaka. Alinifuata shambani akilia. Nikamwambia, "Usilie. Mimi naenda Kericho. Nipe mwaka mmoja, miwili. Nitarudi na ng'ombe wangu mwenyewe wa kuolea, hawatakuwa na sababu ya kukuharakisha." Aliniamini. Alinifungia viazi vya njiani, kama hivi ulivyonavyo hapo.

Nilipofika Kericho nikakuta kitu ambacho Chacha hakukisimulia. Getini kwa shamba kulikuwa na watu. Kila asubuhi watu, Wakurya, Wajaluo, Wakisii, na wengine sikujua hata lugha yao, wamekaa kwenye nyasi wakingoja mnyapara atoke aonyeshe kidole, wewe, na wewe, na yule. Wengine walikuwa wamengoja mpaka nguo zimewaishia mwilini. Wote walikuwa wameusikia mshahara uleule niliousikia mimi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kijijini tunamwona anayerudi na baiskeli. Wale wa kwenye nyasi hawarudi tukawaona, na kama wanarudi, wanaingia usiku. Mshahara unaosifiwa ni wa yule aliyeonyeshwa kidole.

Nilionyeshwa kidole nikiwa nimeshauza shati langu la pili. Nikachuma chai, mikono ikafa ganzi kwa baridi ya asubuhi. Baadaye wakagundua naweza kuandika, wakaniweka kuwa karani wa mizani, nikawa napima vikapu vya wenzangu. Mshahara ukapanda. Nikaandika nyumbani kwa majivuno, nikijua Bhoke atasomewa. Lakini kila mwisho wa mwezi fedha ilikuwa inaniponyoka sijui wapi. Sikuwa mlevi, mama yako atakuapia. Ni unga tu. Unga, kuni, mafuta ya taa, sabuni, kodi ya kitanda kwenye chumba tulicholala watu wanne. Nyumbani vitu hivyo sikuwahi kuvijua kama vina bei. Nani kwetu hununua kuni? Nilikuwa nimeugawa mshahara wa Kericho kwa bei ya Tarime, na tumbo langu nikalipeleka kula kwa bei ya Kericho. Kosa ni hilo, mwanangu, na ni dogo, mtoto wa darasa la tatu angeliona. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeshaona ng'ombe.

Mwaka mmoja ukapita, na wa pili, na wa tatu ukaingia. Siku moja likafika neno la mdomo kupitia mtu wa Susuni kwamba Bhoke ameolewa. Wazee walikuwa wamechoka kungoja ng'ombe wangu. Aliolewa na yule yule.

Sikulia siku ile. Nilipima vikapu mpaka jioni, na nadhani niliwapunja watu wengi kwa kutoona vizuri. Kisha nikaomba hesabu yangu, nikaondoka.

Njiani nikasikia kwamba upande wa Serengeti ng'ombe ni nafuu. Nikapitiliza Tarime kwa kuzunguka ili nisionwe, nikaenda mpaka huko nikitumaini fedha yangu itatoa wawili. Ikatoa mmoja, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye bega. Huo ndio ulikuwa mshahara wangu wote wa Kericho ukiwa umesimama kwa miguu minne. Na niliona aibu, Robi. Kuingia nyumbani mchana na ng'ombe mmoja, wakati Chacha aliingia na kundi! Nikamwachia mtu aliyenipa malazi, Magoiga, anitunzie kama wanavyotunziana watu wetu: yeye akamue maziwa, akizaa tutaelewana. Nikaja nyumbani mikono mitupu nikitembea kifua mbele. Watu wakiniuliza, nikawa nawajibu, "Ng'ombe wangu wako Serengeti." Nilisema wako, kama vile ni wengi. Wakaniheshimu kidogo.

Kisha nikamwoa mama yako. Unajua kwa ng'ombe gani. Shangazi yako mpaka leo akija hapa husimama mlangoni na kumwambia mama yako, "Salimia vizuri, mimi ndiye niliyekuoa." Wote mnacheka, na mama yako humpa kigoda kizuri. Mimi pia hucheka, lakini huwa natafuta sababu ya kutoka nje. Hajawahi kunitajia ile ahadi. Ningependa anitukane hata mara moja.

Sasa usidhani nakuambia Kericho ilikuwa bure. Ingekuwa hivyo, barua ingekuwa fupi. Kule niliwaona mabinti wa makarani wakienda shule asubuhi na sare zao, wakigombana njiani kuhusu hesabu za sehemu. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilikuwa nasimama na mizani yangu nawatazama mpaka mnyapara ananigutua. Ulipozaliwa nikakupa jina la mama yangu, na nilipokubeba niliwakumbuka wale mabinti. Walipokuja watu na maneno yao ukiwa kidato cha pili, na ng'ombe wao walikuwa wazuri, sitaki kukudanganya, niliwatazama pembe mpaka mkia, nikasema hapana kwa sababu ya yale niliyoyaona Kericho. Wazee wakasema nimelogwa. Balozi wetu wa nyumba kumi akanipongeza hadharani kwamba nafuata elimu kama chama kinavyotaka, halafu jioni akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama kweli sina akili.

Lakini nilisema hapana nikaishia hapo. Sikufikiri Mwita ataoa kwa kitu gani. Aliniuliza mara moja, tulipokuwa tunabomoa nyumba ya zamani tuhamie hapa kijijini. "Tata, mimi nitaoa kwa ng'ombe gani? Kwa cheti cha dada yangu?" Nikamwambia anyamaze ashike mlango. Mchumba wake ni mtoto wa watu waliokuwa majirani zetu kule tulikotoka, na amengoja kwa uvumilivu ambao mimi singekuwa nao. Kwa hiyo ulipoona baba amelisahau jambo, ukalibeba wewe. Ukalibeba kimyakimya, ukatuambia unataka kuona mji.

Nimekuwa nikiligeuza jambo hili wiki nzima. Mimi nilijivuna kwamba sikukubadilisha kwa ng'ombe. Kumbe ulikuwa unajipeleka mwenyewe ukaolewe na kiwanda cha nguo, ili ng'ombe walewale waje kwa mlango mwingine. Tena bila hata ngoma! Na ungefika Dar ungekuta yaleyale. Simsemi vibaya Marwa, lakini barua zake zinataja mshahara na hazitaji kodi ya chumba. Alipokuja likizo alikula ugali wa hapa kwa siku kumi kama mtu aliyefunguliwa jela. Mwaka wako mmoja ungekuwa miwili, miwili ingekuwa mitano, na kila ukila ungejisikia umemla ndama wa Mwita. Najua unavyojisikia. Nilikula hivyo miaka mitatu.

Kwa hiyo nilikwenda Serengeti. Mama yako aliwaambia nimekwenda kumwona mgonjwa, na ninyi mkaamini kwa kuwa mnajua sipendi safari. Sikuwa nimemwona Magoiga tangu tuhamie vijijini, nilimtumia salamu tu kila nilipopata mtu. Nilikwenda nikiwa sina hakika hata kama yu hai. Kule nako walihamishwa, nikamtafuta mstari kwa mstari wa nyumba mpya mpaka mtoto mmoja akaniambia, "Unamtaka yule mwenye Kericho?" Nikadhani sikusikia vizuri. Akanipeleka zizini, akanionyesha. Ng'ombe wekundu wenye doa begani, wamekaa wanacheua. Nyumba nzima ile huwaita hivyo, Kericho, uzao wote wa yule mtamba. Magoiga ameozesha watoto wake, amepatwa na maradhi ya mifugo, amehamishwa kwa lori, na hao wangu amewashika.

"Nilidhani umesahau," akaniambia.

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu ya nini? Kaa chini kwanza, ng'ombe hawakimbii."

Tulikaa siku mbili. Tukagawana kwa utaratibu wa watu waliotunziana, na alinipa zaidi ya nilivyostahili. Nilipotaka kumshukuru akaanza kuzungumza habari za mvua. Vijana wake ndio waliowaleta jioni hii, ndio wale uliowaona wakinywa uji wako. Nimeshaonana na wakwe wa Mwita. Ng'ombe hawa watatangulia kwao asubuhi, na waliobaki nitawatafuta mimi, polepole, kutoka zizi langu. Mwita anajua. Alipowaona wakiingia aligeuka akatazama ukuta muda mrefu, na wewe ukadhani ana mafua.

Juzi nilipita kwa shangazi yako nikamweleza yote. Alisikiliza akiendelea kupeta ulezi. Akasema, "Umechelewa sana kaka," na mimi nikasema ndiyo. Halafu akasema, "Mwambie Robi ashuke pale atakapopenda yeye." Akaendelea kupeta. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kuliko nilivyokwenda, ingawa sina uhakika kama amenisamehe.

Sikuambii ushuke Bunda. Ungependa niseme hivyo ili upate mtu wa kumlaumu baadaye, nakujua. Ualimu una mshahara mdogo, na mwalimu huweza kupelekwa mahali hata chumvi ni habari. Kiwandani kuna fedha zaidi, na watu, na taa, na wewe mji unaupenda kweli, hilo halikuwa uongo wote. Unapenda pia kuwafundisha wale watoto wa jirani, nimekusikia nyuma ya nyumba ukiwagombeza kwa sauti ya mwalimu wako wa hesabu. Mimi sijui unapenda kipi zaidi. Ninachojua ni kwamba ukiupima mshahara, uupime kwa maisha utakayoishi hapo unapoupokea, ukiwa na njaa ya hapo na baridi ya hapo, na uwaulize waliokosa kazi pia, si waliopata tu. Ukishapima, ukiona mji unafaa, nenda mjini. Nitakuja kukutembelea na nitalalamika bei ya kila kitu.

Taa inaisha mafuta na mama yako ameniuliza mara tatu ninamwandikia nani barua ndefu hivi usiku huu. Nimemwambia ninamwandikia mama yangu. Ameguna akageukia ukutani, nadhani ameelewa.

Sasa pantoni inakuja, au inaelekea kuja. Kunja karatasi hizi uziweke. Uliniuliza wale ng'ombe ni wa nani. Ni mshahara wangu wa Kericho, Robi. Mshahara huo umechelewa njiani, umemkosa aliyekuwa akiungoja, lakini umefika, na umemlipia Mwita. Hivyo wa kwako, uwe wa chaki au wa kiwanda, usiugawe kwa ng'ombe. Hakuna anayeungoja huku. Ni wako.

Mimi baba yako, mtoto wako kwa jina.